Bilauri ya Protini na Kitambi Kisichoshuka

Barua za mwezi huu zimetoka Kisauni hadi Likoni, na karibu zote zinauliza habari za unga wa protini. Majibu yanatumia vipimo vya jikoni: bilauri ni mililita 250, kijiko cha meza ni mililita 15, na "kipimo" ni kile kijiko cha plastiki kinachokuja ndani ya kopo, kwa kawaida gramu 30 za unga.

*Nina kilo 78, urefu sentimita 160. Jimuni niliambiwa ninywe protini ndio nipungue. Kila asubuhi nasaga vipimo viwili vya unga, maziwa freshi kiasi cha mililita 400, ndizi moja, vijiko viwili vya siagi ya njugu na kijiko cha asali. Hii ni wiki ya sita na badala ya kupungua nimeongeza kilo mbili. Nakosea wapi?*
— Mama wa wawili, Kisauni

Dada, tuihesabu hiyo bilauri kwanza. Vipimo viwili vya unga ni kalori 240. Maziwa yasiyotolewa mafuta, mililita 400, ni 250. Ndizi ya wastani 105. Siagi ya njugu vijiko viwili vya meza ni 190, na hapo ni vijiko vilivyosawazishwa kwa kisu, si vya kuinuka kama kichuguu. Asali sitini na kitu. Jumla inakaribia 850. Sahani mbili za wali mweupe, gramu 300 kila moja, ni kalori 780. Kwa hivyo unakunywa zaidi ya sahani mbili za wali kabla jua halijapanda, na hujatuambia kama mahamri ya chai uliyaacha. Tunashuku hukuyaacha.

Unga wa protini ni chakula. Ule wa kawaida, wa wei, hutokana na maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kufanya jibini. Maji hayo huchujwa, hukaushwa, yakawa unga. Ndani yake hamna kitu kinachoyeyusha mafuta ya mwili. Ukiuongeza juu ya chakula chako cha kila siku, unanenepa kama ambavyo ungenenepa kwa kuongeza wali.

Basi kwa nini watu wanaopungua wanausifu? Kwa sababu protini hukaa na mtu, njaa hukawia kurudi. Tena mwili wenyewe hutumia asilimia 20 hadi 30 ya kalori za protini katika kazi ya kuimeng'enya tu, ilhali kwa wanga ni asilimia 5 hadi 10 na kwa mafuta haizidi 3. Lakini lililo kubwa ni misuli. Anayejinyima chakula bila protini ya kutosha na bila kunyanyua vitu vizito, karibu robo ya uzito anaopoteza yaweza kuwa misuli na si mafuta. Mizani itamfurahisha, ila ngazi za ghorofa ya tatu zitamwambia ukweli.

Mtu anayepunguza uzito huku akifanya mazoezi anahitaji protini gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwako wewe, 78 mara 1.2 ni gramu 94 hivi. Sasa tazama zinavyopatikana bila kopo: mayai mawili, 12, bakuli la mbaazi zilizoiva, gramu 200, 14, kipande cha samaki cha gramu 150, karibu 33, bilauri ya maziwa mala, 8, bakuli la pojo usiku, 14. Una 81. Kipimo kimoja cha unga kina 24, umeshapita mia. Hicho cha pili ni cha kazi gani?

Kwa hivyo: kipimo kimoja, maji baridi mililita 250 hadi 300, basi. Kalori 120. Ladha ikikupooza tia mdalasini au hiliki ya kusaga. Na kinywaji hicho kishike nafasi ya kitu, kisikae pembeni ya kitu. Hamri moja la wastani lina kalori 180 hadi 250 kulingana na lilivyonyonya mafuta. Ukizoea matatu, kula moja kwa mbaazi zako, halafu bilauri ya protini ije saa nne, pale pa sambusa na soda. Mbaazi usiziache kabisa, zina protini na nyuzinyuzi ambazo unga hauna. Cha kupunguza ni tui zito linalomiminwa juu yake.

Jipime asubuhi baada ya haja na kabla ya kula, siku saba mfululizo, kisha utafute wastani na uulinganishe na wastani wa wiki inayofuata. Siku moja moja hazisemi kitu: kabla ya hedhi mwili hushika maji, kilo moja au mbili zikaja na kuondoka zenyewe. Wastani ukishuka nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, umepatia. Funga utepe wa fundi cherehani kiunoni pia. Kwa mwanamke, kiuno kikipita sentimita 80 hatari ya sukari na moyo huanza kupanda, kwa mwanamume ni 94.

*Nina kilo 96. Nilinunua mfuko mkubwa wa kilo tano kwa sababu ulikuwa wa bei nafuu kuliko makopo madogo. Umeandikwa "mass". Kipimo chake ni kama bakuli. Ni sawa?*
— Kijana wa Changamwe

Si sawa, ndugu yetu. Huo umetengenezewa mtu mwembamba anayetafuta mwili. Geuza mfuko usome jedwali nyuma. Mifuko ya aina hiyo mara nyingi huonyesha kitu kama hiki: kipimo gramu 150, protini 30, wanga 110, kalori karibu 590. Chukua protini ugawanye kwa uzito wa kipimo: 30 kwa 150 ni asilimia 20. Kopo la kawaida lina 24 kwa 30, asilimia 80. Umenunua wanga wenye ladha ya chokoleti, na bei nafuu imetoka hapo hapo. Ukisoma orodha ya viambato utakuta maltodekstrini ndiyo ya kwanza. Hiyo ni wanga uliokatwakatwa, hupanda kwenye damu upesi kama sukari.

Kuna ujanja mwingine unaostahili jicho. Maabara nyingi hukadiria protini kwa kupima naitrojeni. Mtengenezaji asiye mwaminifu anaweza kuchanganya vitu vya bei rahisi vyenye naitrojeni, kama glisini na taurini, na kipimo kikasoma protini nyingi kuliko iliyomo. Ukiviona hivyo viwili vimetajwa mapema katika orodha, kabla hata ya ladha na vitamu, rudisha kopo rafuni. Na kwa bidhaa ya kutoka nje, tafuta stika ya ISM ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Kopo lisilo na stika, lisilo na tarehe ya mwisho ya matumizi, au lililofunguliwa likagawanywa kwenye mifuko ya nailoni, liache hata ukipewa kwa nusu bei.

Huo mfuko wako mpe ndugu aliyekonda. Kila nyumba ina mmoja.

*Unga wangu hufanya madonge. Nikitia maji ya moto ndio huharibika zaidi. Uji je, naweza kuuchanganya?*
— Msomaji, Kibokoni

Maji hutangulia, unga hufuata. Ukianza na unga, wa chini hushikana na kona za chupa na hautoki hata utikise mpaka kesho. Mimina maji baridi, tia unga, funga kifuniko vizuri, tikisa sekunde 30, iache dakika moja povu litue, kisha tikisa kidogo tena. Huna chupa ya kutikisia? Tungi la plastiki la siagi lenye mfuniko mgumu linatosha, au uma na bakuli.

Maji ya moto huipika protini ya wei kama yanavyopika ute wa yai. Thamani yake ya lishe haipotei, ila utakuwa unakunywa vipande. Kwa uji wa wimbi, fanya hivi: uive, uepue, uache upoe hadi uweze kuonja bila kupuliza. Pembeni, koroga kipimo cha unga kwa vijiko vinne vya maji baridi mpaka uwe laini kama uji wa mtoto, halafu umimine taratibu kwenye uji huku ukikoroga. Usiurudishe motoni. Sukari huhitaji tena, kwa sababu unga mwingi una utamu wake tayari.

*Nafanya kazi ya kupakua mizigo bandarini, jioni nina nafasi ya mazoezi. Kusema kweli hela ya kopo sina. Lazima ninunue ndio nipungue?*
— Msomaji, Likoni

Si lazima hata kidogo, na kwa mkaazi wa pwani ni ajabu kidogo kwamba swali hili linaulizwa. Tufanye hesabu ya bei, nawe weka bei za dukani kwako. Tuseme kopo la kilo moja ni shilingi 6,000 na lina vipimo 33 vya gramu 24 za protini. Hiyo ni gramu 792, kila gramu shilingi saba na nusu. Yai la shilingi 20 lina gramu 6. Kila gramu shilingi tatu na kitu. Kilo ya maharagwe makavu ina protini gramu 210 hivi. Hata ukiinunua kwa shilingi 200, gramu haifiki shilingi moja.

Samaki aliyeiva, gramu 100, ana protini gramu 20 hadi 28 kutegemea ni nani: jodari na nguru wako juu, changu na tafi chini kidogo. Pweza aliyechemshwa ndiye mfalme asiyetangazwa: gramu 100 zina protini karibu 30 na kalori 165 tu. Kibakuli cha pweza na supu yake, bila kuizidisha chumvi, kinashinda kipimo cha unga na kinatafunwa. Dagaa wakavu, kiganja kimoja cha gramu 30, wana protini 15 hadi 18 na chokaa ya mifupa juu yake. Ng'onda nao ni wazuri, ila waloweke maji usiku kucha na umwage maji hayo, la sivyo chumvi itakuvimbisha miguu.

Tatizo letu wapwani haliko kwa samaki, liko kwa anachopikiwa. Kila kijiko cha meza cha mafuta kinachobaki kwenye chakula ni kalori 120, na kipande cha nguru kilichozamishwa karai kinabeba zaidi ya hicho. Samaki wa kupaka aweza kuwa mwepesi au mzito kwa tui pekee. Mchome samaki kwanza kwa makaa au kwa jiko la juu mpaka aive kabisa. Mchuzi wa kupaka ufanye kwa tui la pili, lile jepesi la kukamulia mara ya pili, ukilipika na nyanya, kitunguu thomu, bizari na ndimu mpaka lijikaze. Tui la kwanza chukua vijiko viwili tu, upake mwisho, ladha ya nazi ikutangulie puani. Ukimimina kikombe kizima cha tui zito, umeongeza kalori 450 au zaidi, na samaki hakuongezeka hata mfupa.

Wali kwa pojo usidharau. Pojo pekee ina upungufu wa aina fulani za asidi amino ambazo wali unazo, na wali una upungufu ambao pojo inajazia. Zikiliwa siku moja, hata kama si sahani moja, protini inakamilika. Sahani ya mtu anayepungua: nusu mboga na kachumbari, robo pojo au samaki, robo wali. Kwa kazi yako ya kubeba, robo hiyo ya wali usiiondoe, utadondoka na gunia.

*Nina miaka 54, nina sukari na presha, natumia vidonge. Binti yangu ameniletea unga wa protini kutoka ng'ambo niutumie mahali pa chakula cha usiku. Niuanze?*
— Mama, Tudor

Mama, kopo lisifunguliwe kwanza. Sukari na presha zikikaa miaka mingi hugusa figo bila maumivu yoyote. Mwombe daktari wako vipimo viwili: kreatinini ya damu, ambayo humwezesha kukokotoa eGFR, yaani kasi ya figo kuchuja damu, na albumini ya mkojo, protini inayovuja figo zikiumia. Figo zikiwa nzima, kipimo kimoja cha unga kwa siku hakina ubaya. Zikiwa zimeanza kuchoka, wagonjwa ambao hawajafika kusafishwa damu kwa kawaida hupangiwa protini gramu 0.6 hadi 0.8 tu kwa kilo ya mwili, na hapo kopo linakuwa mzigo. Anayesafishwa damu, kinyume chake, huhitaji nyingi zaidi. Ndiyo maana jibu la jirani halikufai wewe.

La pili ni vidonge. Ukitumia glibenklamaidi au sindano ya insulini halafu usiku ukaacha ugali ukanywa unga wa maji, sukari inaweza kushuka mno ukiwa usingizini. Dalili zake ni jasho la ghafla, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Ikitokea, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari, vya kusawazishwa, kwenye maji, unywe, usubiri dakika 15, upime tena. Ikiwa bado iko chini rudia, na ikishapanda kula kitu. Metformini peke yake ni nadra kufanya hivyo. Dozi asibadilishe mtu ila daktari, na abadilishe kabla hujabadilisha chakula, si baada.

Usome pia sodiamu na potasiamu kwenye kopo. Baadhi ya dawa za presha huzuia potasiamu kutoka mwilini, na unga wa mimea mara nyingine unayo kwa wingi.

*Je, unga huu ni halali?*
— Wasomaji kadhaa, Mji wa Kale na Majengo

Maziwa yenyewe hayana shida. Swali liko kwenye kimeng'enya kilichogandisha maziwa: chaweza kutoka tumboni mwa ndama au kikazalishwa na vijidudu vya maabara, na kopo mara nyingi halisemi. Chunga zaidi unga wa kolajeni, ambao hutoka kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe, samaki au nguruwe, na vidonge vyenye ganda la jelatini. Tafuta nembo ya halali inayotambulika, kama ya Kenya Bureau of Halal Certification au ya shirika la nchi ilikotoka, si neno "halal" lililochapwa tu pembeni na muuzaji. Kolajeni, hata ikiwa halali, haina triptofani, moja ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Usiihesabu kama protini ya siku.

*Nikinywa tumbo hujaa gesi, hunguruma mpaka naona haya kwenye matatu.*
— Msomaji, Bamburi

Karibu hakika ni laktosi, sukari ya maziwa. Watu wazima wengi huku kwetu tumbo lao limeacha kutoa kimeng'enya cha kuivunja, na ikifika utumbo mpana bakteria huifanyia sherehe. Jipime hivi: acha unga siku tatu, kisha kunywa bilauri moja ya maziwa freshi asubuhi tumbo likiwa tupu. Likinguruma, umepata mwizi. Badili uende kwenye kopo lililoandikwa "isolate", ambalo limechujwa hadi laktosi ikabaki kidogo sana, au unga wa soya au wa njegere. Mala huenda ukaivumilia kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya sukari hiyo.

Maziwa yasipokufanya kitu, basi angalia vitamu vya kopo: jina linaloishia na "-itol" huvuta maji na kuleta gesi. Na kama umekuwa ukinywa mahali pa milo miwili kwa siku, huenda shida ni upungufu wa nyuzinyuzi. Kwanza choo kinakauka, halafu tumbo linajaa. Mchicha, papai na mapera, na maji.

*Nanyonyesha mtoto wa miezi mitatu. Ninauziwa protini pamoja na chai ya kupunguza tumbo kwa WhatsApp. Nichukue?*
— Mama mchanga, Mikindani

Chai acha. Nyingi za aina hiyo zina senna, dawa ya kuharisha: unapoteza maji na mizani inashuka kwa siku mbili, mafuta hayajatikisika. Nyingine zimewahi kukutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo, na wala haikuandikwa kwenye pakiti. Na unachokunywa, mtoto ana fungu lake.

Kunyonyesha kwenyewe hutumia kalori kama 500 kwa siku. Subiri maziwa yakae sawa, kula vizuri, tembea, na usikimbilie kushuka zaidi ya nusu kilo kwa wiki. Unga wa protini mtupu, usio na mitishamba wala kafeini, si haramu kwako, lakini mayai mawili na mala vitafanya kazi ileile.

*Mwezi wa Ramadhani nitaweza kufikisha protini na milo miwili tu? Kila mwaka natoka na kilo tatu zaidi.*
— Msomaji, Mwembe Tayari

Kilo hizo tatu si za funga, ni za futari. Hebu angalia meza: viazi vya nazi, muhogo, kaimati, tambi za sukari, sambusa, mkate wa kumimina, juisi ya ukwaju yenye sukari ya kikombe. Kila kimoja ni wanga au mafuta, vingi ni vyote viwili.

Tende tatu na maji, swali Magharibi, kisha anza na protini kabla ya wanga: supu ya kuku au ya pweza, au samaki, gramu 150. Baada ya hapo chagua kitu kimoja cha nazi na kimoja cha kukaanga. Kimoja, si kimoja cha kila aina. Kwa mtu wa kilo 75 gramu 90 zagawanyika hivi: 40 kwenye futari, 15 baada ya Tarawehe kwa bilauri ya mala na yai la kuchemsha, 35 kwenye daku. Daku ndiko unga unakosaidia kweli, kwa sababu saa kumi usiku hakuna anayetamani samaki: yai moja au mawili, na uji wa wimbi uliotiwa kipimo kimoja kwa njia tuliyoeleza juu. Ongeza bilauri mbili za maji, kwani mabaki ya protini hutoka kwa mkojo na huhitaji maji ya kuyabeba. Mazoezi mazito yafanye baada ya Tarawehe, na mepesi saa moja kabla ya Magharibi.

*Kopo langu limeganda kama chokaa na halijaisha mwezi. Na chupa inanuka hata nikiiosha.*
— Msomaji, Mtwapa

Unyevu wa pwani huo. Unga huvuta maji hewani kila unapofunguliwa. Madonge laini yanayovunjika kwa kidole hayana neno. Yaliyobadilika rangi, yenye harufu ya kuchacha au madoa, tupa kopo zima. Kijiko cha kupimia kiwe kikavu siku zote, kisiwahi kurudishwa na tone la maji. Kile kifuko kidogo cha kukausha hewa usikitoe. Weka kabatini mbali na jiko na dirisha, na usiweke friji: ukilitoa likiwa baridi ukafungua, jasho la hewa hutua ndani. Kama kopo ni la kilo mbili, hamishia nusu kwenye chombo kidogo cha kubana, lile kubwa libaki limefungwa.

Unga uliochanganywa ni maziwa, basi uchukulie kama maziwa. Kwa joto letu la nyuzi 30 na zaidi usiuache mkobani zaidi ya saa mbili. Ukienda kazini beba unga mkavu kwenye kichombo chake, na kulekule utie maji chupani kwanza, kisha unga. Chupa isuuze papo hapo ukimaliza, hata kwa maji ya bomba la ofisini. Ikishanuka, tia kijiko cha meza cha soda ya kupikia na maji ya moto kiasi, ilale usiku kucha. Asubuhi toa ule mpira wa kifuniko kwa ncha ya kisu, kwa sababu harufu hujificha chini yake, usugue kwa mswaki wa zamani, na uianike chupa ikiwa wazi, mdomo chini.